Gari Ikivuma Mbele, Tafuta Sababu Kabla ya Spea

Si jambo geni Pemba gari kuingia gereji kwa sababu ya kelele ya mbele, kisha ikatoka na spea mpya pamoja na kelele yake ya zamani. Mwenye gari huanza kwa kulipia shokapu, baada ya siku chache huambiwa ni bushi, halafu boljointi, na mwisho hubainika kwamba kilichokuwa kikivuma siku zote ni beringi ya gurudumu moja, au tairi lililolika upande. Muda wote huo lawama huzunguka: mara spea feki, mara barabara, mara fundi, mara gari yenyewe kwamba imechoka. Hoja ya makala haya ni kwamba beringi na viungo vya mbele haviharibiki bila sababu. Sababu hiyo yaweza kusomwa kwa masikio, mikono na macho kabla hata senti moja haijatumika dukani, na anayebadilisha spea bila kuisoma huulipia ugonjwa uleule mara mbili. Ni hivyo popote penye gari, lakini kisiwani jambo hili lina uzito wa pekee.

Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi, na anayetoka Mkoani kwenda Chake Chake, au Chake kwenda Wete, hupanda na kuteremka vilima karibu njia nzima. Kila mteremko ni kazi ya breki, na kila breki ni joto linaloingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kisiwa hiki hupata mvua nyingi kuliko Unguja, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kati ya Oktoba na Desemba, na njia za ndani zinazokwenda mashambani hugeuka utelezi wa mfinyanzi wenye madimbwi kila bondeni. Bahari haiko mbali na kijiji chochote, na hewa yake ya chumvi hula nati na bolti hata za gari isiyotembea. Juu ya hayo, spea hupita baharini kutoka Unguja au Dar es Salaam. Fundi wa Dar es Salaam aliyebahatisha anaweza kurudi Kariakoo mchana uleule akabadilisha alichonunua. Wa Pemba akibahatisha, gari hukaa juu ya mawe ikingoja meli.

Beringi ya gurudumu ni pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, na baina yao mna safu za gololi au roli zinazozunguka ndani ya grisi. Pembeni kuna sili za mpira, ambazo hazina kazi ila kuzuia grisi isitoke na kuzuia maji na mchanga visiingie. Nyuso zinazogusana humo zimesagwa na kung'arishwa kwa usahihi mkubwa, hata chembe ya mchanga ambayo jicho haliioni vizuri inatosha kuzichimba. Shimo moja huzaa mengine, kwa kuwa kila gololi inayopita huligonga tena, na vipande vinavyomeguka huchanganyika na grisi na kusaga kilichobaki. Ndiyo maana beringi iliyokwisha kuanza kuvuma haiponi kwa kuongezewa grisi wala kwa kukazwa nati.

Maji ndiyo adui ambaye Pemba inamjua zaidi. Habu iliyotoka kwenye mteremko mrefu ina moto, na hewa iliyomo ndani yake imetanuka. Gari ikitumbukia kwenye dimbwi, chuma hupoa ghafla, hewa ile husinyaa, na mvuto unaotokea hunyonya maji kupitia ukingo wa sili, hasa sili iliyokwisha kulika. Grisi iliyoingiwa na maji hubadilika rangi ikawa nyeupe kama tui, na haiwezi tena kuweka utando wa kutenganisha chuma na chuma. Gari ikilala siku kadhaa katika hali hiyo, kutu huanza palepale gololi zilipogusana na pete, na siku inapoondoka tena huwa na makovu yaliyopangana. Maji ya chumvi huharakisha mambo zaidi. Gari inayoshushwa hadi mchangani kupakia samaki au magunia ya mwani, magurudumu yakaguswa na mawimbi, imeshaingia katika hatari ambayo madimbwi ya masika hayaifikii. Kuziosha habu kwa maji baridi mara tu baada ya safari, zikiwa bado za moto, ni kurudia kosa lilelile nyumbani.

Adui wa pili ni mzigo, na hapa ushahidi una umri wa miaka mia. Mwaka 1924 Arvid Palmgren, mhandisi wa kampuni ya SKF ya Sweden, alichapisha hesabu za umri wa beringi za gololi, ambazo mpaka leo ndizo msingi wa vitabu vya wahandisi. Zinaonesha kwamba mzigo ukiongezeka maradufu, umri wa beringi haupungui nusu tu, bali hubaki sehemu moja ya nane. Mzigo ukizidi kwa robo tu, umri hupungua karibu nusu. Beringi ambayo ingevuka kilomita 100,000 hufikia 50,000 hivi, na hapo bado hatujahesabu maji. Daladala za Pemba, yale malori madogo yaliyoezekwa paa na kuwekwa mabenchi pande mbili, hubeba watu, magunia, ndizi na baiskeli kwa safari moja, na msimu wa karafuu hubeba zaidi. Ni kweli kwamba mzigo wa nyuma huelemea zaidi ekseli ya nyuma. Lakini gari ikifunga breki kwenye mteremko, uzito huja mbele, na Pemba mteremko hauko mbali. Abiria wawili wa ziada hawavunji beringi leo wala kesho, na kwa kuwa madhara yao huchelewa, hakuna anayewahesabu.

Basi kelele inasomwaje? Ya kwanza kusikilizwa ni tabia yake. Beringi iliyokwisha huvuma au kuunguruma, na mvumo hupanda na kushuka kwa mwendo wa gari, si kwa mzunguko wa injini. Ukiweka gia huru kwenye sehemu tambarare na salama, injini ikashuka lakini mvumo ukabaki vilevile, umeshaiondoa injini katika mashtaka. Tairi nalo huvuma, na hapa ndipo wengi wanapopotea, maana tairi lililolika kwa ngazi ngazi kutokana na magurudumu kutonyooka hutoa sauti inayofanana sana na ya beringi. Tofauti ni kwamba sauti ya tairi hubadilika barabara inapobadilika, kutoka lami mpya kwenda lami kongwe au kifusi, ilhali ya beringi hubaki na wimbo wake. Mwenye shaka ahamishe matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Kelele ikihama, tatizo ni tairi, na kilichotumika ni jeki na jasho tu. Kisha kuna kona. Gari ikikata kulia, uzito huhamia magurudumu ya kushoto, na ikikata kushoto uzito huhamia kulia. Mvumo unaozidi kwenye kona ya kulia unamtaja kwanza mshukiwa wa kushoto. Nasema mshukiwa kwa makusudi, kwa sababu beringi za safu mbili za gololi zinaweza kuumia upande mmoja wa ndani na kuvuma kinyume cha kanuni hii.

Kutoka masikioni kazi huhamia mikononi. Gari iinuliwe kwa jeki, iwekewe stendi au gogo imara, si jeki peke yake, na magurudumu ya nyuma yazuiwe. Gurudumu lishikwe juu na chini, lisukumwe na kuvutwa. Likicheza, asitokee mtu wa kusema papo hapo kwamba ni beringi, kwani boljointi iliyolegea nayo hucheza hivyohivyo. Mtu wa pili akanyage breki na gurudumu lisukumwe tena. Breki ikikamatwa, diski na habu hushikana na chuma kinachobeba beringi, kwa hiyo mchezo wa beringi hutoweka. Ukibaki, basi umo kwenye boljointi au bushi za mkono wa chini. Jaribio hili halichukui hata dakika mbili, na linatofautisha spea mbili ambazo bei zake na kazi zake hazifanani kabisa. Baada ya hapo gurudumu lishikwe kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo huelekeza kwenye tairodi na viungo vya usukani. Mwisho, gurudumu lizungushwe polepole kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umekamata springi. Springi hukuza mtetemo, na beringi yenye mashimo huhisika kama ukwaruzo kwenye vidole hata pale ambapo sikio halisikii kitu. Huu ni ufundi wa zamani, haugharimu chochote, na kama ningepewa kuchagua jaribio moja la kufundishwa kila kijana wa gereji, ningechagua hili.

Kelele za kugonga zina lugha nyingine. Mlio mwepesi wa kugonga mfululizo kwenye vijishimo vidogo, gari ikienda polepole, mara nyingi ni stebilaiza linki, spea ya bei ndogo inayosababisha shokapu nzima nzima zitupwe. Linki hizo zikaguliwe magurudumu yote mawili yakiwa chini, au yote mawili yameinuliwa, maana ukiinua moja tu fimbo ya stebilaiza hujipinda na kuukaza ulegevu unaoutafuta. Mlio mzito mmoja wa kugonga unapokanyaga breki au unapoondoka huelekeza kwenye bushi za mkono wa chini au boljointi. Tiki-tiki inayotoka usukani ukikatwa mpaka mwisho huku gari ikivuta ni ya sivii jointi, na mpira unaoifunika ukikutwa umechanika na grisi imetapakaa ndani ya rimu, hakuna haja ya ushahidi zaidi. Usukani unaolia au kukoroma gari ikiwa imesimama huhitaji kutazamwa juu, kwenye mauntingi ya shokapu. Gari ndogo nyingi zilizojaa kisiwani, Vitz, IST, Probox na jamaa zao, hutumia mbele mfumo uliobuniwa na Mmarekani Earle MacPherson na kuingia sokoni Uingereza kwenye gari za Ford mwaka 1950. Humo shokapu, springi na mauntingi ni nguzo moja, na nguzo hiyo ndiyo inayozunguka usukani unapokatwa. Kwa hiyo kiungo cha juu kikichoka, sauti yake hushuka chini na kumdanganya msikilizaji.

Kuna historia inayofaa kutajwa hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20, kijana mhandisi Sven Wingquist alikuwa akitunza mashine za kiwanda cha nguo mjini Göteborg, Sweden. Kiwanda kilikuwa kimejengwa juu ya ardhi ya mfinyanzi isiyotulia, na ardhi ilipojongea, mihimili ya kuzungushia mashine ilipinda na beringi zilikufa moja baada ya nyingine. Wingquist angeweza kuendelea kuagiza nyingine. Badala yake aliuliza kwa nini zinakufa, akaona kwamba kosa haliko kwenye ubora wa chuma bali kwenye mihimili isiyonyooka, na mwaka 1907 akabuni beringi inayojirekebisha yenyewe mhimili unapopinda. Hiyo ndiyo beringi iliyozaa kampuni ya SKF, ambayo miaka 17 baadaye Palmgren alitoa hesabu zake akiwa mtumishi wake. Hakuna fundi wa Wete anayedaiwa abuni beringi mpya. Lakini swali la Wingquist linamhusu: kama upande wa kulia umekula beringi mbili na wa kushoto haujala hata moja, tatizo haliko dukani.

Mara nyingi jibu la swali hilo liko gerejini, kwenye nyundo. Beringi huingia kwenye chuma chake kwa kubana sana, na nguvu ya kuiingiza lazima ipite kwenye pete inayobanwa: pete ya nje inapoingia kwenye chuma cha gurudumu, na pete ya ndani inaposhikiliwa wakati habu inapenya katikati yake. Nguvu ikipita pete moja kwenda nyingine, hupita kwenye gololi, na gololi huchapa vishimo kwenye njia zake. Wahandisi huvihusisha vishimo hivyo na jina la Johan August Brinell, Mswidi ambaye mwaka 1900 alitangaza kipimo cha ugumu wa chuma kwa kukibonyeza na gololi. Fundi anayegonga beringi kwa nyundo anafanya jaribio la Brinell ndani ya spea aliyoinunua leo, na baada ya wiki chache itaanza kuvuma, naye ataapa kwamba ilikuwa feki. Spea feki zipo, na kampuni kubwa kama SKF na NSK ya Japani huwaonya wanunuzi juu yake. Hata hivyo beringi halisi iliyopigwa nyundo haidumu zaidi ya feki. Dawa ni presi, na pasipo presi ya haidroliki, bolti ndefu nene, nati zake na vipande vya bomba vyenye kipenyo sahihi hufanya kazi ileile kwa kukazwa polepole. Yapo mengine mawili. Beringi nyingi za gari za sasa zina sili yenye sumaku inayosomwa na kihisi cha ABS, na ikigeuzwa, taa ya ABS itawaka na haitazimika. Tena nati kubwa ya katikati ina kipimo chake, ambacho kwa Toyota nyingi ndogo huzidi nyutoni-mita 200, na ndiyo inayozishika pete za beringi pamoja. Kuikaza kwa kukisia, au kuiteremsha gari ikanyage ardhi kabla nati haijakazwa, huidhuru beringi kabla haijatembea hata kilomita moja.

Mafundi wenye uzoefu watasema kwamba hawahitaji haya yote, kwamba sikio lao linatosha. Sikio la fundi mzoefu ni mali, na hakuna anayelidharau. Lakini sauti husafiri ndani ya bodi la gari, na beringi ya nyuma inaweza kusikika mbele, ya kushoto kulia. Majaribio ya mkono hayalitukani sikio. Yanalikinga lisije likalaumiwa kwa kosa la bati. Mwenye gari naye atasema hana fedha za spea mpya, na kwamba ya mtumba humfaa. Hapa yapasa kutofautisha. Chuma kizima cha gurudumu cha mtumba, kikiwa na beringi iliyomo tangu kiwandani na inazunguka bila ukwaruzo, ni ununuzi wenye busara. Beringi ya mtumba iliyokwisha kutolewa ndani ya chuma chake ni hasara ya wazi, kwa sababu kutolewa kwenyewe huivuta kupitia gololi, na tayari imeumia. Kuhusu malori madogo yenye beringi za roli za mshazari, habari ni njema kuliko watu wanavyodhani. Hizo hufunguliwa, huoshwa, hutazamwa, hujazwa grisi mpya na kufungwa kwa kipimo, na kazi hiyo ikifanywa kabla na baada ya masika huokoa fedha nyingi kuliko inazotumia.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la barabara: kwamba juhudi zote ni bure maadamu njia ni mbovu, na zikitengenezwa tatizo litaisha lenyewe. Sehemu yake ni kweli. Mashimo huua linki, bushi na shokapu, na hakuna fundi anayeweza kuyazuia. Lakini barabara mbovu hupitiwa na magurudumu yote, haiwezi kueleza kwa nini moja tu lifilie mbali kila mara, na haiwezi kueleza sili iliyopindwa. Tena barabara nzuri ina deni lake. Lami mpya huongeza mwendo, na beringi iliyokuwa ikiunguruma kwa kilomita 40 kwa saa bila madhara ya haraka, kwa kilomita 80 hupata moto, huganda au kuvunjika, na gurudumu linaweza kuiacha gari. Boljointi ikichomoka, gurudumu hulala na usukani hautii tena. Anayesema gari bado inakwenda asisahau kwamba ndani yake mna watu waliolipa nauli.

Kwa hiyo ombi hapa ni la pande mbili. Wanaofundisha ufundi wa magari kisiwani, kikiwemo Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji, na wamiliki wa gereji wanaoweza kuchangiana presi moja, wafanye upimaji kuwa somo la kwanza na ufungaji usio na nyundo kuwa sharti. Na wewe mwenye gari, ukibadilishiwa beringi, idai ile iliyotoka na uitazame ikifunguliwa. Grisi nyeupe maana yake maji yameingia, basi kagua sili na tabia ya kuvuka madimbwi. Mchubuko upande mmoja tu wa njia ya gololi unaelekeza kwenye mzigo au chuma kilichopinda. Vishimo vilivyopangana kwa umbali sawa na gololi, bila kutu, mara nyingi ni vya nyundo, na hapo usinunue beringi nyingine mpaka upate atakayeifunga kwa presi.